Kijiko cha Nne

Kapu la kwanza lilikuwa limeshaingia kwenye buti la teksi, na la pili liko kizingitini, Bi Mkubwa alipotoka jikoni akijifuta mikono kwa aproni.

"Mkono! Unakwenda wapi na vyombo vyangu?"

"Ni vyombo vyangu, Bi Mkubwa. Vya duka nimeviosha, viko kwenye karai."

Alikuwa anasema kweli. Ndani ya makapu yale mlikuwa na nozeli zake za bati, kila moja na umbo lake, mifuko ya kukamulia krimu aliyoishona mwenyewe, kisahani cha kuzungushia keki, na kisu cha kupakia chenye mpini wa mti uliolika mpaka ukachukua umbo la kiganja chake. Ukimwona mtu kabeba vitu kama hivyo, ujue haendi sokoni kurudi.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika pale dukani. Wateja walikuwa wakiuliza, "Keki hii kaipamba nani?" Bi Mkubwa anamshika yule mwanamke kifundo cha mkono, anakiinua juu kama mwamuzi wa ndondi, anasema, "Mkono huu hapa!" Basi jina likamganda.

Dereva wa teksi akatoa kichwa dirishani. "Dada, tuelewane mapema. Mimi gari sizimi. Nikilizima haliwaki mpaka lisukumwe, na hapa sioni mwanamume wa kulisukuma."

"Yuko mmoja ndani," Mkono akajibu, "lakini kusukuma hajui."

Bi Mkubwa alijifanya hakusikia. Akashika mpini wa kapu lililobaki, si kwa kulibeba, kwa kulizuia.

"Binti wa muuza unga anakuja sasa hivi na shangazi yake. Wanakuja kuonja. Nani atanipangia krimu?"

"Mwanao ana mikono miwili."

"Mwanangu leo ndiye bwana harusi. Bwana harusi anafungwa macho. Atajipangiaje mtu aliyefungwa macho?"

Hapa inabidi nieleze, maana si kila duka la keki lina mambo haya. Pale kwa Bi Mkubwa wachumba hawakuwa wakichagua keki ya harusi kwa kunyoosha kidole kwenye picha. Mwanamke anaonja keki tupu, bila krimu, anachagua anayoipenda. Mwanamume anafungwa macho kwa taulo safi la jikoni, anakula tonge la keki ile aliyoichagua mwenzake, kisha analishwa krimu mbalimbali kijiko kimoja kimoja, naye anasema ipi inaifaa. Akichagua vizuri watu wanapiga makofi. Akichagua vibaya wanacheka, na keki inatengenezwa vilevile alivyosema, ili ajifunze. Bi Mkubwa aliuanza mchezo huo na marehemu mumewe, na watu walikuwa wakitoka mbali kuufuata.

Mkono alitazama teksi. Alitazama mlango wa jikoni. Kisha akaliachia kapu.

"Nitapanga," alisema. "Halafu nakwenda."

*

Jiko la duka lile lilikuwa vyumba viwili. Kimoja cha oveni, kwenye joto, na kimoja cha krimu, chenye friji na feni, kwa sababu siagi na joto haviwezi kulala chumba kimoja. Katikati palikuwa na dirisha dogo lenye kizingiti kipana. Mwoka anaweka keki kizingitini, ikipoa, mpambaji anaichukua. Amri ya Bi Mkubwa ilikuwa moja: anayeoka hapaki, anayepaka haoki, na hakuna kuvuka.

Mwoka alikuwa mwanawe wa pekee. Na penzi lake na Mkono lilipita palepale dirishani, kipande kwa kipande. Anakata ukingo wa keki mpya, anausogeza: "Onja, hii inataka nini?" Naye Mkono anafumba macho, anatafuna, anasema, "Hii inataka ndimu," au "Hii iache uchi, imejitosheleza." Wakatazamana hivyo miaka, mmoja jasho linamtiririka, mwenzake kajifunga sweta. Siku waliyoshikana vidole juu ya sinia la moto, wote wawili waliungua na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuutoa mkono.

Bi Mkubwa alipojua hakupiga kelele. Alimwita Mkono, akamkalisha kwenye gunia la sukari, akamwambia kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa: "Umeshaolewa ukaachwa. Umemzidi umri. Mkono wako naupenda, Mungu ni shahidi, lakini mwanangu hataoa mkono. Ataoa mtu na ukoo wake." Kesho yake akaenda kwa muuza unga kuulizia binti.

Mwoka alimwambia Mkono asijali. Alimwambia, "Nitasema na mama." Alisema hivyo wakati wa mvua, akasema wakati wa jua, na posa ikapelekwa naye akiwa bado anatafuta siku nzuri ya kusema.

Sasa alikuwa amesimama upande wake wa dirisha, shati jipya chini ya aproni, anamwangalia Mkono akitoa bakuli za krimu kwenye friji.

"Nimeona teksi," alisema.

"Hata kipofu anaisikia."

"Usiende. Nitasema leo. Wallahi nitasema leo, mbele yao wote."

"Utasema nini?"

Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Unaona?" Mkono akasema. "Wewe maneno hayakupendi. Basi nakupa kazi isiyo na maneno."

Akainama chini ya friji, nyuma ya makopo ya maziwa, akatoa kibakuli kilichofunikwa kwa sahani. Mwoka alikijua kabla hakijafunuliwa. Ilikuwa krimu ya rangi ya udongo, ya siagi na sukari iliyopikwa kwenye sufuria kavu mpaka ikawa nyekundu, ikawa kahawia, ikaanza kutoa moshi, ndipo ikazimwa kwa maziwa na chumvi kidogo. Waliibuni pamoja jioni moja Bi Mkubwa akiwa msibani, wakaipaka kwenye keki ya ndizi, wakaila yote kwa mikono, wamesimama. Walipompelekea Bi Mkubwa aionje aliinusa tu. "Hii imeungua," alisema. "Sukari iliyoungua haiuzwi dukani kwangu." Tangu siku ile wakawa wanaipika kidogo kidogo, kwa kificho, wakiila wenyewe.

"Nitaweka vijiko vinne badala ya vitatu," Mkono alisema. "Hiki kitakuwa cha mwisho. Ukikionja, sema 'hiki'. Basi. Huna haja ya hotuba. Mama yako ataijua, mimi nitajua, na mimi nitakwenda kumwambia dereva azime gari tutafute wa kulisukuma."

"Na yule binti?"

"Yule binti ana haki ya kujua leo, si baada ya kuzaa."

Mwoka aliutandaza mkono wake kizingitini. Mkono hakuushika.

"Nitasema," Mwoka alisema.

"Haya."

*

Walifika wakicheka. Shangazi alitangulia, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki. "Mimi msinijali! Nimekuja kwa ajili ya makombo! Aonje mwenye harusi, mimi nitafagia." Nyuma yake binti, mwembamba, gauni la kijani, mikono kaifumbata mbele kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Huko nje injini ya teksi ilikuwa inanguruma polepole.

Mkono aliweka sinia la keki tupu mbele ya binti: limau, chokoleti, karoti, ndizi. Vipande vidogo, vimekatwa sawasawa.

"Dada," binti alinong'ona, "mimi sijui haya mambo. Nikikosea?"

"Hukosei. Onja kwanza, halafu uliza."

Akaonja limau, akakunja uso. "Hii kali. Hii inapakwa nini?"

"Krimu ya siagi, nyeupe, isiyo na makuu. Limau ni mtu wa maneno makali. Ukimpa mwenzake mkali pia, nyumba haikaliki."

Shangazi akapiga paja. "Sikilizeni! Huyu anauza keki au anaoza watu?"

"Hapa dukani ni kazi moja, shangazi."

"Na chokoleti?" binti akauliza.

"Chokoleti hii ni nyeusi, ina uchungu. Unaweza kuipa krimu ya kahawa. Watu watadhani uchungu utazidi, kumbe unapungua. Wenye uchungu wakikaa pamoja wanaelewana."

"Karoti?"

"Ina viungo, inachangamka. Ipe jibini laini lenye uchachu kidogo, liitulize."

Binti alichukua ndizi. Akatafuna taratibu, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akachukua kipande cha pili.

"Hii," alisema. "Naitaka hii. Hii inataka nini, dada?"

 Mkono angeweza kusema lolote. Alimtazama yule binti, akaona jinsi alivyo msafi wa nia, akashindwa kumchukia, na hilo likamuuma zaidi.

"Ndizi ni tamu tangu shambani," alisema. "Ukiipa krimu tamu, inakuwa tamu juu ya tamu, wawili wanaoitikiana 'ndiyo, ndiyo' mchana kutwa. Kipande cha kwanza utasifu. Cha pili hakishuki. Ndizi inataka kitu kilichopita motoni."

"Yatosha," Bi Mkubwa akakata. "Mfundishe, usimchoshe. Mwanangu, njoo ufungwe."

Mwoka akatoka jikoni. Alimsalimia shangazi, akamsalimia binti bila kumtazama, akakaa kwenye kiti. Bi Mkubwa mwenyewe ndiye aliyemfunga taulo, akakaza fundo nyuma ya kichwa kama alivyokuwa akimfunga skafu utotoni.

Kisha akageukia sinia la krimu, akahesabu kwa macho, akasimama.

"Mbona bakuli nne?"

"Ya nne ni ya kuagia," Mkono alisema.

Bi Mkubwa aliinama kidogo. Harufu ikampata. Alinyanyua macho, wakatazamana wale wanawake wawili juu ya vijiko, na hakuna aliyepepesa. Lakini wageni wamekaa, shangazi kachanua meno, na Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kugombana mbele ya wakwe.

"Haya," alisema. "Mlishe."

Mwoka alipewa tonge la ndizi. Akatafuna. Keki aliioka mwenyewe alfajiri, aliijua kama anavyojua ulimi wake.

Kijiko cha kwanza, vanila nyeupe. "Tamu," alisema. Shangazi akacheka: "Mkwe wangu fundi kweli! Sukari kaijua!"

Cha pili, jibini laini. "Hii ya karoti."

Cha tatu, chokoleti. "Inaifunika ndizi. Hapana."

Mkono alichota kijiko cha nne. Alikuwa amelisha wanaume wengi kwenye kiti kile na hakuwahi kumwaga tone, wala leo hakumwaga. Alikipeleka mpaka midomoni mwa Mwoka. Midomo ikafunguka, ikafunga.

Mwoka aliacha kutafuna.

 Hata shangazi aliacha kucheka, bila kujua kwa nini.  Vidole vya Mwoka vilishika kingo za kiti. Chini ya taulo, shavu lilicheza. Mkono alisimama karibu naye kiasi cha kuona jasho likitoka juu ya mdomo wake wa juu, palepale lilipokuwa likitoka kila siku akichungulia dirishani. Akasema moyoni, *Sema. Ni neno moja. Sema 'hiki'.*

"Mwanangu," Bi Mkubwa akasema taratibu, "wageni wanangoja."

Mwoka akameza.

"Imeungua," alisema.

 Akaongeza haraka, kama mtu anayefunga mlango usije ukampiga kisogoni: "Imeungua hii. Wekeni nyeupe. Nyeupe itafaa."

"Umesikia?" Bi Mkubwa akapumua. "Nyeupe! Pigeni makofi basi!"

Shangazi akapiga makofi. Alipiga peke yake, mara chache, halafu akaacha.

Mkono aliweka kijiko kwenye sahani. Alifungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kaunta, kamba ndani, ili isining'inie. Akashika kapu lake.

"Dada," ilikuwa sauti ya yule binti. Alikuwa ameinuka. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimechovywa kwenye bakuli ya nne, na sasa alikuwa amekiweka mdomoni kama mtoto. Akakitoa. "Haijaungua hii."

"Binti yangu, kaa," Bi Mkubwa alisema.

"Lakini haijaungua, mama. Ndiyo yenyewe. Ndiyo aliyosema dada, iliyopita motoni." Alimgeukia Mwoka, ambaye taulo lilikuwa bado machoni. "Wewe si fundi? Hukuijua?"

Mwoka aliinamisha kichwa.

Binti akamtazama Mkono, akatazama kapu, akatazama mlangoni teksi inakonguruma. Ungeweza kuona kitu kinaingia akilini mwake polepole na kukaa.

"Aliijua?" akamuuliza Mkono.

"Muulize mwenyewe," Mkono alisema. "Mimi nilikuwa mlishaji tu."

"Mkono!" Bi Mkubwa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua kimo. "Harusi ya watu. Nani atapamba?"

"Bi Mkubwa, mkono ulioupenda ni huu, na uko na mwili wake. Nauchukua."

Alipita karibu na kile kiti. Akasimama hapo kidogo, kiasi cha mtu kusema neno kama analo. Mwoka aliinua uso upande wake, maana harufu ya siagi na vanila aliijua, na midomo yake ilikuwa bado na alama ya kahawia pembeni.

"Jifute mdomo," Mkono alimwambia kwa upole. "Utachafua shati."

Akatoka.

Dereva aliruka kumpokea kapu. "Nilidhani umeamua kuolewa humo ndani!"

"Twende."

"Wapi sasa? Stendi?"

"Stendi."

"Huagi?"

"Nimeshaaga. Hawakuielewa ladha."

Mle dukani walisikia mlango wa gari ukibamizwa, gia ikilia, injini ikipanda, ikapungua, ikapotelea upande wa barabara kuu. Mwoka alikaa vilevile, mikono magotini, taulo machoni.

"Jamani," shangazi alisema mwishowe, "mchezo si umekwisha? Mbona kijana hajivui kitambaa?"

Bi Mkubwa alikwenda kukifungua mwenyewe. Fundo lilikuwa limekaza, ikabidi atumie meno. Taulo lilipotoka lilikuwa limelowa, naye akalisukuma haraka kwenye mfuko wa aproni kabla wageni hawajaliona. Lakini binti aliliona.

*

Yaliyofuata ni haya.

Harusi ilifungwa. Binti wa muuza unga aliwaomba wazee wake muda wa kufikiri, wakampa muda, lakini kadi zilikuwa zimeshatoka na muuza unga si mtu wa kurudi nyuma. Keki ilikuwa ya ndizi, krimu nyeupe, imepambwa na fundi wa kukodi. Wageni walikula kipande cha kwanza wakasifu. Nyingi ilibaki.

Wamezaa watoto wawili. Mke hukaa kaunta na ni mwema kwa wateja. Mumewe anaoka. Hawagombani. Kuna siku mkewe alimwomba ampikie ile krimu ya kahawia, naye akajaribu mara nyingi, kila mara akaitoa motoni mapema kwa woga au akaichelewesha, ikaungua kweli. Hawazungumzii tena.

Mchezo wa kufunga macho umeachwa. Wateja wakiuliza wanaambiwa taulo lilipotea.

Bi Mkubwa ana kisukari. Anakaa nyuma ya duka kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai kavu, na fundi mpya akipita humshika kifundo, anautazama mkono, anauachia.

Shangazi bado anakula makombo.

Mkono alishuka mji wa mbali na stendi hiyo, akapanga chumba kimoja, anaoka na kupaka peke yake, hapohapo. Baada ya muda aliolewa na seremala mjane, mtu mtulivu, anayemheshimu. Seremala yule hapendi vitu vitamu. Keki za kila namna zipo kwenye kabati la kioo la Mkono, na kila moja ina krimu yake, isipokuwa ya ndizi. Ya ndizi haoki.

Lile dirisha dogo katikati ya vyumba vya jiko lilizibwa kwa matofali. Upande wa krimu sasa kumewekwa friji la pili.